"Ni mtandaoni tu": jibu kwa Mwalimu wa Tabata

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Tabata. Mwanangu wa miaka 26 ni mpole, hajawahi kunipandishia sauti, na jirani akipatwa na shida yeye huwa wa kwanza kufika. Mwezi uliopita mpwa wangu alinionyesha maneno ambayo kijana huyu aliyaandika chini ya picha ya dada mmoja asiyemfahamu, akimkejeli kwa unene wake. Nilipomuuliza, alinijibu, "Mama, ile ni mtandaoni tu." Wiki hiyohiyo, katika kundi letu la WhatsApp la msiba wa mama mkwe, shemeji yangu aliniandikia mbele ya watu 40 kwamba maneno yangu ni mengi kuliko mchango wangu, na tangu siku hiyo nyumba zetu mbili hazitembeleani. Je, mitandao hii inatuondolea utu, au inafichua tu vile tulivyokuwa siku zote?

Jibu:

Shikamoo Mwalimu, na pole sana kwa msiba.

Nimefanya kazi ya ushauri nasaha hapa Dar es Salaam kwa miaka 17, na katika miaka ya karibuni ni nadra wiki ipite bila kuletewa jambo lililoanzia kwenye simu. Kwa ninayoyaona ofisini, na kwa tafiti ninazozifuatilia, naamini kwamba mitandao ya kijamii inaathiri kwa kina namna watu wanavyotendeana, ingawa haimpandikizii mtu moyo mpya. Inaondoa uso wa yule unayesema naye, inawaondoa watu wa kando ambao wangesema "jamani, yaishe", kisha inamlipa aliyesema kwa ukali. Mwanao na shemeji yako wamekumbwa na mambo mawili yanayofanana kwa nje na kutofautiana kwa ndani, kwa hiyo nitayaeleza moja baada ya jingine.

Kauli ya mwanao nimeisikia mara nyingi, na inastahili kuchukuliwa kwa uzito kwa sababu inasema kweli kuhusu hali ya anayeitamka. Mwaka 2004 mwanasaikolojia wa Marekani, John Suler, alieleza kwa nini mtu akiwa mtandaoni hutenda asiyothubutu kuyatenda ana kwa ana. Alitaja sababu sita, miongoni mwake kutojulikana, kutoonekana, jibu kuchelewa kufika, na hisia kwamba kule ni ulimwengu wa kando, mfano wa mchezo, ambao kanuni zake hukoma mtu anapozima kifaa chake. "Ni mtandaoni tu" ni hisia hiyo ya mwisho, imesemwa kwa Kiswahili. Suler aliona pia kwamba kufunguka huku kuna upande mwema, nami nakubaliana naye kabisa: wapo wanaume waliokuja kwangu baada ya kuniandikia usiku wa manane mambo ambayo wasingeweza kamwe kuyaanza kwa mdomo.

Wengi hudhani kwamba tatizo kubwa ni majina ya bandia, na kwamba kila mtu akilazimishwa kutumia jina lake halisi adabu itarudi. Jaribio moja la Chuo Kikuu cha Haifa, lililochapishwa mwaka 2012, lilitenganisha mambo haya. Watu waliwekwa wawiliwawili wakajadiliana kwa kuandikiana juu ya suala gumu. Baadhi walijuana majina na baadhi hawakujuana, baadhi walionana na baadhi hawakuonana, na baadhi waliweza kutazamana machoni ilhali wengine hawakuweza. Kilichochangia zaidi lugha chafu na vitisho kilikuwa kukosekana kwa macho, kuliko kukosekana kwa jina. Mwanao, nadhani, aliandika kwa jina lake mwenyewe na picha yake ikiwa hapo kando. Alichokikosa ni macho ya yule dada yakibadilika wakati maneno yanamfikia.

Fikiria daladala ya kutoka Tabata kwenda Kariakoo asubuhi, watu wamesimama mpaka mlangoni, kondakta na abiria wanagombania chenji. Maneno hutoka, tena makali. Lakini kondakta anaona kwamba anayemfokea ni mama wa umri wa mama yake, abiria anaona kwamba kijana yule amelowa jasho tangu alfajiri, na kabla ya kufika Buguruni mtu wa kiti cha nyuma ameshasema, "Basi jamani, mpe haki yake yaishe." Kila mmoja mle ndani ni breki ya mwenzake. Mtu akiwa peke yake kitandani na simu mkononi hana hata moja kati ya breki hizo, na hapo huwa amepungukiwa msaada ambao sote tumeutegemea maisha yetu yote bila kuutambua.

Hapa ndipo sikubaliani na wanaosema kwamba zamani tulikuwa wema na simu zimetuharibu. Watu wa pwani hii tumekuwa mafundi wa kuumizana kwa maneno kwa muda mrefu sana. Kanga ilivaliwa makusudi ili jirani asome. Nyimbo za mipasho ziliimbwa shughulini huku mtu akitunza na kumwelekea aliyemlenga. Kijembe kilirushwa uani na mwenye kukistahili akakijua bila kutajwa. Na jambo lilipozidi kulikuwa na kusutana, pale kundi la wanawake lilipofuatana mpaka mlangoni kwa msengenyaji, wakati mwingine kwa ngoma, kumkabili na aliyoyasema.

Hata hivyo, mambo hayo yote yalikuwa na mipaka, na mipaka hiyo ndiyo ninayoomba tuitazame kwa makini. Fumbo la kanga liliacha mlango wazi: aliyelengwa angeweza kujifanya hakuona, na aliyevaa angeweza kusema ni nguo tu aliyoipenda rangi, kwa hiyo wawili hao waliweza kukutana kisimani kesho yake bila kuvunjiana heshima. Kusutwa kulikuwa fedheha kubwa, nami sisifu jambo hilo, lakini msutwaji aliwaona wanaomsuta, aliweza kujibu, mashahidi waliletwa, na jambo lilibaki mtaa ule na siku ile. Matusi ya chini ya picha hayana fumbo wala mlango wa kutokea. Anayetukanwa hamjui anayemtukana, hana shangazi wa upande wa pili wa kumlalamikia, na maneno yatakuwapo bado wakati mtoto wake atakapojifunza kusoma.

Tazama pia utani. Mzaramo na Mnyamwezi wameitana majina ambayo mgeni akiyasikia atadhani vita vinaanza, na mtani amekuja msibani akafanya vituko mpaka wafiwa wakacheka. Utani ule unabebwa na uhusiano unaojulikana, wenye wajibu ndani yake: anayekutania ndiye huyohuyo anayepaswa kukusaidia kuzika. Mashabiki wa Yanga, klabu iliyoanzishwa mwaka 1935, na wa Simba, iliyofuata mwaka 1936, wamerithi kitu cha namna hiyo, ndiyo maana tunakiita utani wa jadi, na katika vijiwe vingi vya kahawa hapa mjini bado ni utani kweli. Maneno yaleyale yakihamishiwa mtandaoni, kwa mtu ambaye hamjuani na ambaye hamna deni lolote la kusaidiana, yanabaki kuwa matusi matupu. Vijana wengi wanaotukana mtandaoni huniambia walikuwa wanatania, nami huwaamini. Tatizo ni kwamba wamechukua ulimi wa mtani bila kuchukua wajibu wake.

Sasa nije kwenye malipo, jambo ambalo halikuwahi kuwapo uani kwa kipimo hiki. Kitufe cha kupenda kilianza Facebook mwaka 2009, na tangu hapo kila neno la mtu limekuwa likihesabiwa hadharani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2017, walichambua zaidi ya jumbe 560,000 za Twitter kuhusu mambo yenye mabishano huko Marekani, wakakuta kwamba kila neno lililochanganya hukumu ya kimaadili na hisia kali liliongeza kusambaa kwa ujumbe kwa takriban asilimia 20. Mwaka 2021 kazi nyingine, ya Chuo Kikuu cha Yale, ilifuatilia watumiaji 7,331 na jumbe zao milioni 12.7. Mtu aliyepata kupendwa na kusambazwa zaidi kuliko kawaida alipoonyesha hasira alielekea kuonyesha hasira zaidi baadaye. Lililonihuzunisha zaidi ni kwamba walioathiriwa kwa urahisi na malipo hayo walikuwa wale waliokuwa katika makundi ya watu wa msimamo wa wastani wa kisiasa. Kwa maneno mengine, mkali alikuwa mkali tayari. Aliyefundishwa ukali ni mpole.

Muulize mwanao, kwa upole, ni watu wangapi waliopenda maneno yale. Ninakisia kwamba anaikumbuka idadi hiyo, na kwamba ilimpa furaha fupi ambayo hakuipata siku alipombeba jirani kumpeleka hospitali, kwa sababu hakuna aliyehesabu siku ile.

Je, ukali wa kule unamfuata mtu mpaka nyumbani? Hapa tafiti hazisemi kwa sauti moja, na ningekudanganya kama ningekuonyesha upande mmoja pekee. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Aarhus cha Denmark, waliochapisha mwaka 2022 uchunguzi wao wa Marekani na Denmark kuhusu mabishano ya siasa, waligundua kwamba wanaotukana mtandaoni kwa sehemu kubwa ni walewale wanaotukana ana kwa ana. Mtandao huwafanya waonekane na watu wengi zaidi. Hilo linaunga mkono nusu ya pili ya swali lako, ile ya kufichuliwa. Lakini watafiti wa Stanford na Cornell, mwaka 2017, waliwapa watu maswali ya kupima akili kabla ya kuwaomba maoni juu ya habari fulani. Waliopewa maswali mepesi na kukuta maoni ya staha waliandika maneno ya uchokozi katika asilimia 35 ya maoni yao. Waliochoshwa na maswali magumu na kukuta tayari kuna matusi, asilimia 68. Watu hao walikuwa wa kawaida tu, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Siku mbaya kazini, pamoja na matusi ya wengine yaliyotangulia, yatosha kumtoa mtu wa kawaida kwenye staha yake, na ninaamini kwamba huko ndiko aliko mwanao, kwa kuwa umenieleza mwenendo wake wa miaka 26 na sina sababu ya kuufuta kwa sababu ya mistari miwili.

Jaribio lililofanyika Marekani mwaka 2018 na kuchapishwa mwaka 2020 liliwalipa watu wafunge Facebook kwa wiki nne. Walitumia muda zaidi na ndugu na marafiki, misimamo yao ya kisiasa ikapungua ukali, na furaha yao ikaongezeka kidogo, kidogo, nasisitiza. Ukisoma hilo peke yake utataka kuzima simu za nyumba nzima. Lakini huko Bosnia, Julai 2019, wakati wa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Waislamu wa Bosnia mjini Srebrenica mwaka 1995, watu walioombwa kufunga Facebook kwa wiki moja waliishia kuwaona watu wa kabila jingine kwa jicho baya zaidi kuliko wale walioendelea kuitumia, hasa pale ambapo maisha yao ya kila siku yalikuwa ya watu wa kabila lao pekee. Kwao simu ilikuwa dirisha pekee la kumwona mtu wa upande wa pili. Nalitaja kwa sababu Dar es Salaam ni mji wa watu waliotoka kila mkoa, wanaoishi ukuta kwa ukuta. Sisi tunachanganyika bila kuhitaji simu, na kwa hiyo tuna zaidi cha kupoteza tukiacha kuzungumza ukutani na kubaki kuzungumza kwenye skrini.

Nihamie kwa shemeji yako, ambako mambo ni tofauti kabisa, kwa maana yeye anakujua, ana uso wako moyoni, na bado aliandika aliyoyaandika. Katika kazi yangu, majeraha ya makundi ya familia ni mengi kuliko majeraha ya wageni, na huchelewa kupona.

Chanzo kimojawapo ni orodha ya michango, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu sioni watu wakiizungumzia ipasavyo. Zamani mchango wa msiba uliandikwa kwenye daftari, na daftari lilikaa kwa katibu aliyeketi kwenye meza ndogo karibu na turubai. Ulisogea, ukatoa ulichonacho, ukaandikwa, ukaenda kukaa mkekani. Aliyetoa kidogo alijulikana kwa katibu, na katibu mwema alikuwa na hekima ya kunyamaza. Leo kila aliyetuma fedha kwa simu hunakili orodha nzima, huongeza jina na kiasi chake, kisha huirudisha kundini. Orodha hiyo hupita mbele ya macho ya watu 40 labda mara 30 kwa siku, na yule ambaye mbele ya jina lake hapana tarakimu hufedheheshwa mara 30. Hakuna aliyekusudia ukatili huo. Ila mtu anayeogopa kufedheheshwa hushambulia kwanza, na ninakuomba ujiulize, Mwalimu, kama siku ile shemeji yako alikuwa na tarakimu mbele ya jina lake, na kama jambo ulilolisema kabla ya jibu lake lingeweza kusomwa na mtu mwenye wasiwasi kama kumhesabia.

Chanzo cha pili ni kwamba Kiswahili chetu cha heshima hukaa zaidi kwenye sauti. Tukiongea, tunatanguliza salamu, tunasema "hebu" na "jamani", tunashusha sauti mwishoni, tunacheka kidogo ili kuondoa makali. Ukiandika kwa kidole kimoja ukiwa jikoni msibani, vyote hivyo hudondoka, na linalobaki ni "Tumeshasema" au "Sawa" iliyo uchi. Halafu zile alama mbili za bluu humwambia mwandishi kwamba amesomwa na hajajibiwa, naye hujaza kimya hicho kwa tafsiri mbaya kuliko zote.

Kuhusu la kufanya, nianze na mwanao. Usimnyang'anye simu, kwani ana miaka 26, na usimpeleleze. Mketishe mahali mtakapokuwa wawili, mwombe akusomee kwa sauti maneno yale aliyoyaandika, akikutazama wewe kana kwamba ndiwe mwenye ile picha. Nimelifanya hili na vijana wengi ofisini. Wengi hawafiki mstari wa pili. Baada ya hapo mwombe ayafute, na kama anaweza amwandikie yule dada faraghani kwamba amekosa, bila kujitetea. Mjulishe pia, bila kumtisha, kwamba kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia, kwa hiyo hata kisheria hakuna "mtandaoni tu".

Mzoeze pia kusita. Twitter iliwahi kujaribu kumwonyesha mtu onyo dogo kabla ya kutuma maneno makali, likimwuliza kama anataka kuyatazama upya. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022, asilimia 9 ya jumbe zilizowekewa onyo zilifutwa na asilimia 22 zilirekebishwa. Hizo si idadi kubwa, lakini miongoni mwao walikuwamo watu waliohitaji sekunde chache tu ili warudi katika hali yao ya kawaida. Nyumbani onyo hilo laweza kuwa mazoea ya kusoma kwa mdomo kabla ya kutuma.

Katika kundi la familia, pendekeza kwamba mweka hazina apokee michango na kutangaza jumla peke yake mara moja kwa siku, na kwamba anayehitaji kukumbushwa akumbushwe kwa kupigiwa simu. Familia mbili nilizozishauri zimefanya hivyo. Ya kwanza iliniambia michango haikupungua. Ya pili iliniambia ilipungua kidogo, na wakaona bei hiyo inalipika.

Kwa shemeji yako usiandike chochote, hata salamu. Mpigie simu ili asikie sauti yako, umwambie unakuja, kisha uende pamoja na mtu mzima ambaye nyote mnamstahi, ikiwezekana shangazi wa upande wa mumeo. Uanze wewe kwa kumpa pole ya mama yake, kwa maana amefiwa na mzazi, na huenda katikati ya orodha na turubai hakuna aliyempa pole hiyo akiwa ameketi. Mkishaelewana, mwombe jambo moja zaidi, ambalo wapatanishi wengi hulisahau: aandike yeye mwenyewe kundini sentensi moja kwamba amefika kwako au umefika kwake na jambo limekwisha. Wale watu 40 waliouona ugomvi hawatauona upatanisho wa sebuleni, na wasipouona wataendelea kukaa pande mbili kwenye arobaini, kila upande ukidhani unamtetea mtu. Kama arobaini haijafika, nenda kabla yake.